Kadi Iliyofufuka Jikoni

Miaka kumi na kitu iliyopita watu wengi walioka kompyuta zao, na hawakuwa wakifanya utani. Kioo kilianza kuonyesha mistari ya rangi, kisha vidoti, kisha giza. Mwenye kompyuta alijaribu kadi nyingine ya picha, kioo kikawaka. Hapo akajua mgonjwa ni nani. Akaivua kadi yake feni na chuma cha kupozea, akaiweka kwenye oveni ya jikoni, nyuzi joto karibu 200, dakika 8 hadi 10. Ilipopoa akairudisha, na mara nyingi picha ilirudi.

Maelezo yaliyosambaa yalikuwa mepesi. Kuanzia tarehe 1 Julai 2006, Umoja wa Ulaya ulizuia risasi katika vifaa vingi vya umeme kwa sababu ni sumu. Viwanda vikaiacha lehemu ya zamani ya bati na risasi. Ikasemekana kwamba lehemu mpya hupasuka upesi, na kwamba oveni huiyeyusha, ufa ukaziba.

Hesabu inakataa. Lehemu ya zamani huyeyuka kwenye nyuzi 183, lakini ile mpya iliyoenea zaidi huanza kuyeyuka karibu na nyuzi 217. Oveni ya nyuzi 200 haiifikii. Kadi ilipona kwa njia nyingine.

Jibu lilikuwa ndani ya chipu. Julai 2007 Microsoft ilitangaza kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya mashine za michezo za Xbox 360 zilizokuwa zikifa. Julai 2008 Nvidia nayo ilitangaza dola milioni 150 hadi 200, ikitaja udhaifu wa malighafi zilizotumika kufungashia baadhi ya chipu zake za kompyuta za mkononi.

Kipande cha silikoni hukalia nukta ndogo sana za lehemu. Ukiwasha kompyuta, silikoni na kitako chake hutanuka kwa viwango tofauti, ukizima, husinyaa. Kila mara nukta zile huvutwa kidogo, kama waya unaopindwa huku na huku mpaka unakatika. Oveni huvitanua vyote kwa pamoja, na kingo za ufa zinaweza kugusana tena. Lakini kugusana si kuungana. Mashine ikiendelea kuwashwa na kuzimwa, ufa hurudi, pengine baada ya wiki chache tu.

Jambo hili linatuhusu sisi Afrika Mashariki, ambako kompyuta nyingi za nyumbani zimeanza maisha yao Ulaya au Marekani. Kadi iliyookwa haina alama. Dukani huwashwa dakika tano, picha inang'aa, pesa inatolewa. Mnunuzi huwa ameweka ndani yake tasnifu, hesabu za duka au picha za harusi kabla mistari haijarudi.

Kwa hiyo joto likiifufua kadi, limekuonyesha ugonjwa tu. Kadi hiyo ni ya kubadilisha. Faili kwa kawaida bado ziko salama kwenye diski. Zinakili siku hiyohiyo, maana kesho huenda usione chochote kwenye kioo. Na ukiiuza mashine, mwambie mnunuzi. Anayenyamaza anauza wiki chache kwa bei ya miaka.