Ukristo na Ujamaa: Pugu hadi Kibaha

Uhusiano wa Ukristo na ujamaa nchini Tanzania unabeba sana alama ya mtu mmoja, Julius Nyerere, Mkatoliki aliyebatizwa mwaka 1943. Alifundisha St. Francis, shule ya misheni pale Pugu, jirani na Kisarawe. Mwaka 1955 alipotakiwa achague ualimu au siasa, akaweka chaki chini.

Katika kijitabu chake cha ujamaa cha mwaka 1962 alikataa mapambano ya kitabaka, nguzo ya Karl Marx, akaegemea familia ya Kiafrika. Lakini mpole hakuwa: mwaka 1970 huko New York aliwaambia masista wa Maryknoll kwamba Kanisa lisipopinga mifumo inayozalisha umaskini litapoteza maana. Serikali yake nayo ilitaifisha shule za misheni, Pugu ikiwemo.

Kibaha ina kioja chake. Februari 2022 ilifunguliwa Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere, mali ya vyama 6 vya ukombozi, CCM na FRELIMO vikiwamo. Aliyeifadhili ni Chama cha Kikomunisti cha China, ilhali tangu 2005 Jimbo Katoliki la Musoma lilishaanzisha mchakato wa kumtangaza Nyerere mwenyeheri.