Kageye, Bandari Iliyosahauliwa

Tarehe ya Marseille, mji ulioasisiwa na Wayunani na kutwaliwa na Warumi mwaka 49 kabla ya kuzaliwa Kristo, imeandikwa katika vitabu visivyo idadi, na gati zake za kale zimefukuliwa zikahifadhiwa. Walakini Mapadri Weupe, wamisionari wa Askofu Lavigerie, waliotweka kutoka bandari hiyo mwezi wa Aprili 1878, walielekea bandari nyingine ambayo leo watu wengi wa Mwanza hawaitaji, nayo ni Kageye, katika nchi ya Wasukuma, si mbali na Bujora.

Naiita bandari kwa haki yake. Hapo, katika himaya ya Mtemi Kaduma, njia ya misafara iliyotoka mrima, yenye merikani na ushanga na kurudi na pembe, ilikutana na maji ya Ziwa Viktoria. Na msafiri aliyemkusudia Kabaka Mutesa wa Buganda alituliza mzigo wake akangoja mitumbwi. Mvumbuzi Stanley alifika Februari 27, 1875, na mashua yake, Lady Alice, ilikuwa imechukuliwa vipande vipande mabegani mwa wapagazi tangu Bagamoyo. Ikaungwa hapo ufukweni, na Machi 8 ikaingia ziwani, msukani akiwa Wadi Safeni. Sifa ya kulizunguka ziwa akapewa Stanley, na mabega yale hayakupewa sifa, jambo ambalo kwangu ni dhuluma. Frederick Barker, kijana Mwingereza aliyebaki kambini, alifariki Aprili ya mwaka huo huo akazikwa Kageye.

Kutoka hapo ndipo Padri Lourdel na Bruda Amans, wa shirika lile la Mapadri Weupe, walipovuka kwa mtumbwi, wakashuka Buganda Februari 17, 1879. Basi mgeni ajaye Bujora kutazama ngoma na vyombo vya watemi, katika makumbusho yaliyoanzishwa na Padri David Clement, na aombe kuongozwa mpaka Kageye pia, kwani tarehe ya Wasukuma haikuwa ya ikulu peke yake, bali na ya ufuko na soko.

Kilichoiua bandari hii si upungufu wa maji. Wadachi waliweka boma lao Mwanza. Reli ya Waingereza ilipowasili Kisumu mwaka 1901, bidhaa za ziwa zikavutwa kaskazini, na misafara ya miguu ikakosa kazi. Na reli ya kutoka Tabora, iliyofika ziwani mwaka 1928, ikaishia Mwanza.