Hukumu ya Ulimi: Tarikhi ya Kuonja na Kupima Bia

Mnamo mwaka wa 1556, miaka minane kabla hajajaliwa mwana ambaye jina lake lingevuka bahari zote, John Shakespeare, mshona glavu wa mji wa Stratford-upon-Avon katika Uingereza, alichaguliwa na mji wake kushika kazi ambayo leo twaweza kuidhania kuwa ni anasa, lakini ambayo zama zile ilikuwa amana ya sheria: alifanywa mwonjaji wa pombe. Aliyepewa daraja hiyo aliapishwa. Alizizungukia nyumba zilimopikwa pombe, akaonja kila iliyokuwa tayari kuuzwa, akaamua kama inafaa na kama bei yake ni ya haki, na aliyeuza pombe mbovu au kwa kipimo pungufu alishtakiwa mbele ya baraza akatozwa faini.

Cheo hicho kilitokana na amri iliyokuwa ya kale hata wakati huo. Katika enzi ya Mfalme Henry wa Tatu, takriban mwaka wa 1266, sheria ya mkate na pombe ilifungamanisha bei ya vitu viwili hivyo na bei ya nafaka sokoni, ili mnunuzi maskini asidhulumiwe; na kwa kuwa sheria isiyo na shahidi ni sauti tupu, miji na vijiji vilichagua waonjaji wawe ulimi wa sheria. Wapishi wa pombe aghalabu walikuwa wanawake, waliopika majumbani mwao, na kila pombe ilipoiva waliinua mlangoni ufito wenye kitita cha matawi, uwe ishara kwa wanunuzi na kwa mwonjaji pia. Pombe ile, isiyotiwa bado maua machungu ya hopsi ambayo yalienea Uingereza kuanzia karne ya 15, haikuweza kukaa siku nyingi bila kugeuka siki; kwa hiyo hukumu ilikuwa haina budi kutolewa upesi na papo hapo, mlangoni kwa mpishi. Lakini natuyatazame maneno ambayo mwonjaji huyo alitakiwa kuyatamka: yalikuwa mawili tu, njema na mbovu. Juu ya ladha, sheria haikumwuliza zaidi. Jinsi maneno hayo mawili yalivyozaa mengi, na jinsi hayo mengi yalivyookoa vinywaji vilivyokuwa vikifa, ndiyo kadhia ninayokusudia kuisimulia.

Bara la Ulaya nalo lilitafuta hakika kwa njia yake. Tarehe 23 Aprili 1516, mjini Ingolstadt, ndugu wawili waliotawala Bavaria, Wilhelm wa Nne na Ludwig wa Kumi, walitangaza kwamba bia isipikwe kwa kitu chochote ila shayiri, hopsi na maji. Hamira, ambayo ndiyo ifanyayo kazi kubwa kuliko vyote, haikutajwa kabisa, kwani asili yake ilikuwa haijajulikana. Hata hivyo amri haiwezi kufanya kazi ya ulimi. Katika mji wa Plzeň, nchi ya Bohemia, yasimuliwa kwamba mwaka wa 1838 mapipa 36 ya bia yalimwagwa hadharani mbele ya baraza la mji, kwa kuwa wenyeji wenyewe walikuwa wameihukumu kuwa haistahili kunywewa. Watu wa mji waliokuwa na haki ya kupika bia wakajenga kiwanda kimoja cha wote, wakamwita fundi kutoka Bavaria, Josef Groll, naye katika Oktoba 1842, kwa kimea cheupe na maji laini ya mahali pale, akatoa bia ya rangi ya dhahabu, angavu, yenye povu jeupe. Bia hiyo ndiyo iliyokuja kuwa bibi wa laga nyingi zinazojaza chupa za ulimwengu leo.

Wakati huo mjini London ulimi ulikuwa umekwisha kupata mshindani. Bia iliyopendwa pale katika karne ya 18 ilikuwa pota, nyeusinyeusi na nzito, iliyopata jina lake kwa wapagazi wa mji waliokata kiu kwayo. Na mwaka wa 1784 mtu mmoja aliyeitwa John Richardson alichapisha kitabu kuhusu chombo cha kupimia wingi wa sukari katika maji ya kimea. Wenye viwanda walipokitumia waligundua kwamba kimea cha kahawia, ambacho kilikuwa ndicho roho ya pota, kilitoa sukari kidogo kuliko kimea cheupe, ijapokuwa bei yake sokoni ilionekana rahisi. Wakabadili mchanganyiko wao, na pota ikabadilika kwa amri ya namba, pasipo mnywaji kuulizwa. Baadaye Louis Pasteur alichapisha uchunguzi wake juu ya bia, mwaka wa 1876, na mwaka wa 1883 Emil Christian Hansen, katika maabara ya Carlsberg mjini Copenhagen, alifaulu kuotesha hamira safi kutokana na chembe moja. Fadhila za maarifa haya hazina kifani, maana bia iliyoharibika mikononi mwa mpishi bila yeye kujua sababu ilipata tabibu wake. Lakini mwenye kuweza kufanya kitu kisibadilike kamwe huweza pia kufanya vitu vyote vifanane, na hilo ndilo lililotokea.

Karne ya 20 ilikuwa karne ya kufa kwa ladha. Marekani ilipiga marufuku vileo kuanzia 1920 hata 1933, na viwanda vilivyonusurika vilimezana mpaka, mwishoni mwa miaka ya 1970, katika taifa lile kubwa, havikufika mia moja, na vingi vyao vilitoa bia nyeupe moja yenye majina mbalimbali. Nchini Uingereza makampuni machache yalinunua viwanda vidogo na kuvifunga, yakaacha bia iliyoendelea kuiva ndani ya pipa kilabuni, yakasambaza ile iliyochujwa na kusukumwa kwa gesi. Katika kijiji cha Hoegaarden, nchini Ubelgiji, kilichokuwa mashuhuri kwa bia nyeupe ya ngano itiwayo giligilani na maganda ya machungwa yaliyokaushwa, kiwanda cha mwisho kilizimika katika miaka ya 1950, na namna nzima ya bia, iliyonywewa kwa karne nyingi, ikabaki katika kumbukumbu za wazee tu.

Waliosimama kuizuia hasara hiyo hawakuwa wakuu wala matajiri, isipokuwa mmoja. Pierre Celis, mwuza maziwa wa Hoegaarden ambaye ujanani aliwahi kusaidia katika kiwanda cha jirani yake, alianza mwaka wa 1966 kuipika tena bia ya kwao, akitegemea aliyoyaona kwa macho na aliyoyaonja kwa ulimi. Mwaka uliotangulia, mjini San Francisco, kijana wa ukoo wa kitajiri, Fritz Maytag, alinunua sehemu ya kiwanda cha Anchor kilichokuwa karibu kufungwa, akakisafisha na kukifufua. Mwaka wa 1971 vijana wanne wa Kiingereza waliokuwa mapumzikoni nchini Ireland walianzisha chama cha kutetea bia halisi ya pipa, na chama hicho kikaja kuhesabu wanachama kwa maelfu. Mwaka wa 1976 Jack McAuliffe, aliyekuwa baharia wa jeshi na aliyeonja bia za Scotland alipokuwa kazini huko, alifungua Sonoma, California, kiwanda kidogo cha New Albion kwa vyombo alivyoviunga mwenyewe. Hakikudumu, kilifungwa mwaka wa 1982, lakini wengi waliokuja baadaye walikitazama kama kiongozi wa njia. Na katika Oktoba 1978 Rais Jimmy Carter alitia sahihi sheria iliyoruhusu watu kupika bia majumbani mwao kwa matumizi yao, na majiko ya Marekani yakageuka shule.

Hata hivyo mpishi peke yake hatoshi, maana kitu kisicho na jina hakiombwi, na kisichoombwa hakipikwi. Aliyeleta majina ni mwandishi wa habari kutoka Yorkshire, Michael Jackson, aliyezaliwa mwaka wa 1942 na kufariki 2007, ambaye tusimchanganye na mwimbaji wa Marekani. Mwaka wa 1977 alitoa kitabu chake cha kuielezea dunia ya bia, na ndani yake aliziweka bia katika koo zao: akaeleza asili ya kila moja, nafaka yake, hamira yake, mji wake na adabu ya kuinywa. Kabla yake mnywaji alijua bia ya kwao na bia ya kigeni. Baada yake mtu wa Colorado aliweza kusoma habari za bia ya watawa wa Ubelgiji, akaitamani, akaitafuta, na hatimaye akajaribu kuipika. Kalamu ilifanya kazi ambayo pipa lisingeweza kuifanya.

Kutoka katika majina zikazaliwa mizani. Mwaka wa 1982 tamasha kubwa la bia za Marekani lilifanywa mara ya kwanza mjini Boulder, Colorado, kwa juhudi za Charlie Papazian, na mwaka wa 1985 ulianzishwa mpango wa kuwasomesha na kuwatahini waamuzi wa bia. Mwamuzi wa mpango huo huletewa gilasi bila kuambiwa jina la mpishi, asije akaelemewa na urafiki au sifa. Hunusa kwanza, kwa kuwa harufu ndiyo iliyo na haraka ya kuondoka. Hutazama rangi, wangavu na povu. Kisha huonja kidogo, akaacha kinywaji kitembee ulimini, akapima utamu, uchungu na uzito wake. Jumla ya alama ni 50: harufu 12, sura 3, ladha 20, uzito kinywani 5, na hukumu ya jumla 10. Kila alama haina budi kufuatwa na maneno, ili mpishi ajue kwa nini amepewa na kwa nini amenyimwa. Ni dhahiri kwamba mwonjaji na mlevi ni watu wawili mbalimbali: mmoja hunywa kidogo akakumbuka vyote, mwingine hunywa vyote asikumbuke kitu.

Lakini la thamani zaidi katika mizani hiyo ni insafu yake, si hesabu yake. Bia ya ngano ya Bavaria hutoa harufu ya karafuu na ndizi mbivu, ingawa haijatiwa karafuu wala ndizi. Ni kazi ya hamira yake peke yake. Mwonjaji akiikosa harufu hiyo katika bia ile, huipunguzia alama. Akiikuta katika bia ya Plzeň, huihesabu kuwa kasoro. Harufu moja ni pambo hapa na aibu pale, na mwamuzi asiyejua ukoo wa kinywaji kilicho mbele yake hudhulumu bila kukusudia. Mtu wa Unguja na Pemba, hata yule ambaye dini yake imemharamishia kileo, hatashindwa kufahamu jambo hili, kwani nchi yake imeishi kwa karafuu, na mizani ya karafuu haipimi iliki.

Nimeyaandika haya nikiwa na mlima Kilimanjaro moyoni. Mjini Nairobi, mwaka wa 1922, ndugu wa ukoo wa Hurst walianzisha kiwanda cha bia, na mmoja wao, George, alipouawa na ndovu mwaka uliofuata, bia ikapewa jina la Tusker, yaani ndovu mwenye pembe, kwa kumbukumbu ya mkasa huo. Ndivyo mjukuu wa Plzeň alivyopata makao kwetu Afrika Mashariki. Lakini muda mrefu kabla ya hapo Wachaga wa Kilimanjaro walikuwa na mbege, pombe yao ya ndizi na ulezi. Ndizi mbivu huchemshwa na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Ulezi huoteshwa, hukaushwa, husagwa na kupikwa uji. Gome la mti wa msesewe hutia uchungu, kama vile hopsi huko Ulaya. Kisha vyote huchanganywa na kuachwa viive. Mzee anayepokea kata hujua kwa funda moja kama ndizi ziliiva sawasawa, kama ulezi umezidi, kama msesewe umetiwa kwa mkono mzito, na kama imeletwa siku moja kabla ya wakati wake. Huyo ni mwamuzi kamili, aliyefunzwa na mama na bibi zake badala ya chuo.

Katika kihamba, yaani shamba la nyumbani la Mchaga, chini ya migomba ileile inayotoa ndizi za mbege, humea mibuni. Na kahawa ya mibuni hiyo hupelekwa Moshi, huonjwa kijiko kwa kijiko na wataalamu, hupewa daraja, na bei yake hufuata maneno ya waonjaji. Kivuli ni kimoja, udongo ni mmoja, mkulima ni mmoja. Kimoja kina daftari, na kingine kina kinywa cha mzee. Tarikhi ya Hoegaarden inatuonya kwamba kinywaji chaweza kufa wakati mto, shamba na nafaka vyote vingalipo, na kwamba kilichokiokoa ni mtu mmoja aliyekuwa bado anakumbuka. Basi aliye karibu na mzee wa namna hiyo amkalie siku ya mbege na kalamu mkononi, amwulize neno la uchungu wa msesewe uliotosha na neno la ule uliozidi, ayaandike kwa lugha yake mzee mwenyewe, wala asiazime mizani ya Plzeň kupimia kata ya mbege ya Marangu, huko Kilimanjaro.