Kimaliza Chakula: Ushanga na Mfuko wa Nyumba

Nafsi ya mwanadamu haikuanza leo kupenda ushanga. Tangu zama za kale shanga za kioo zilivuka bahari yetu kutoka Bara Hindi, zikashushwa katika miji ya pwani, kisha zikapelekwa Sofala na bara kubadilishwa kwa dhahabu na pembe. Ibn Battuta, aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, alisafiri pia nchi ya Mali mwaka 1352. Aliandika kwamba msafiri wa huko hana haja ya kuchukua chakula wala fedha. Humtosha kuchukua vipande vya chumvi, shanga za kioo na manukato, na kwa hivyo atapata riziki yake njiani.

Huko Mali ushanga ulileta chakula. Sasa tizama ushanga ulioondoa chakula.

Katika karne ya 19 misafara ya Unguja na Bagamoyo ilibeba magunia ya shanga hadi Ujiji na mbele yake. Nyingi zilitoka Venice, katika nchi ya Italia. Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri njia hiyo mwaka 1857, alitoa kitabu mwaka 1860 akataja kuwa aina za shanga zilipata 400. Iliyopendwa mno ilikuwa samesame, ushanga mdogo mwekundu wenye moyo mweupe. Watu waliupa majina mengine. Jina moja maana yake ni kimaliza chakula, kwa kuwa mtu huacha mlo wake ili aupate. Jingine ni kivunja mji, kwa kuwa wanawake walijitia hasarani kwa ajili yake, wao na waume zao.

Majina hayo hayakutungwa na Burton. Ni watu walioujua ushanga huo walioyatia. Waliujua uzuri wake, na waliijua hasara yake.

Wala tusiwalaumu wanawake peke yao. Wanaume walitoa pembe za ndovu kwa shanga, na ni lazima tuseme kweli, katika biashara ile hata binadamu waliuzwa kwa nguo na shanga. Pembe zilikwenda zikawa mali ya wengine. Na shanga je? Kila nchi ilikuwa na rangi yake, na rangi iliyotakiwa hapa ilikataliwa kule. Mfanyabiashara aliyekosea rangi aliweza kukaa na magunia tele na wapagazi wake wakalala njaa. Basi thamani ile ilikuwa wapi? Ilikuwa katika macho ya mwenye kutamani, na macho yalipogeuka, nayo ikaondoka.

Yafaa pia tujue mikono iliyozifanya. Karibu na Venice kiko kisiwa cha Murano, ambako mafundi wa kioo waliamriwa kuhamishia tanuri zao mwaka 1291. Fundi huyeyusha kioo, akakitia tundu la hewa, kisha watu wawili hukivuta wakienda mmoja huku na mmoja kule, mpaka kikawa mrija mwembamba mrefu. Mrija hukatwa vipande vidogo, vikapashwa moto tena ili ncha zake zilainike. Kazi ya kuzitunga shanga nyuzini ilikuwa ya wanawake maskini wa Venice. Walikaa vichochoroni, sinia la mbao mapajani, wakishika sindano nyingi pamoja, na walilipwa kwa kadiri ya nyuzi walizotunga. Ujira ulikuwa mdogo hata wakagoma mwaka 1904.

Kwa nini nakutajia haya, ewe msomaji? Kwa sababu mwenye mfuko mdogo akiona ushanga wa mkono hujaribiwa mara mbili. Kwanza huchukua fedha ya sokoni na ya karo, akasema, "Ni shanga chache tu." Pili, asipoiweza bei, hushindana na muuzaji mpaka ujira wa fundi ukaliwa. La kwanza ladhulumu watoto wake, la pili ladhulumu mtu asiyemjua.

Pambo lenyewe si haramu. Katika Surat al-Furqan Mwenyezi Mungu amewasifu wale ambao watoapo hawafanyi israfu wala ubakhili, bali hukaa katikati. Na katikati ya mfuko mdogo yajulikana. Kwanza chungu, kodi, deni na karo. Kilichobaki, ukipenda, kiwekwe kidogo kidogo mpaka kitoshe kununua uzi mmoja kwa bei ya haki. Ukiona mwezi umepita na hamu imekwisha, jua kuwa hukuuhitaji. Na ikiwa hamu ipo na fedha ipo, nunua, uvae kwa furaha, pasina mtu nyumbani aliyelala njaa kwa ajili yake.

Basi utakaposimama mbele ya muuza shanga, nazo zang'aa juani, jiulize jina la ule ushanga ulio mkononi mwako. Ikiwa jina lake leo ni kimaliza chakula, urudishe pale ulipoutoa, uende sokoni.