Wajerumani Wawili Katika Kisiwa Kimoja

Ukitoka Mji Mkongwe wa Unguja ukavuka kuingia Ng'ambo, utayaona maghorofa ya Kikwajuni: kuta zilizonyooka, madirisha safu kwa safu, wala hakuna mlango wa nakshi. Yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki baada ya Mapinduzi ya 12 Januari 1964. Nchi iliyokuwa bado inajijenga upya baada ya vita kuu ilikuwa inatafuta nini Kikwajuni?

Ilikuwa inatafuta kutambuliwa. Tangu 1955, Ujerumani Magharibi ilishikilia msimamo uliopewa jina la mwanadiplomasia wake Walter Hallstein: atakayeitambua Ujerumani Mashariki ameikosea Bonn, mji mkuu wa Magharibi, na anaweza kukatiwa uhusiano na misaada. Nchi changa za Afrika zilisikia na kujihadhari. Zanzibar haikujihadhari. Serikali ya Abeid Amani Karume iliitambua Berlin Mashariki ikakubali ubalozi wake, wakati Marekani na Uingereza zilikuwa zinasitasita kuitambua serikali yenyewe ya Mapinduzi, hadi mwishoni mwa Februari. Kituo cha Marekani kisiwani humo kilichokuwa kikifuatilia vyombo vya anga vya mradi wa Mercury, pamoja na safari ya John Glenn ya 1962, kikatakiwa kiondoke.

Tarehe 26 Aprili 1964 Tanganyika na Zanzibar ziliungana, na ugomvi wa Wajerumani ukavuka bahari. Upande mmoja wa Muungano ulikuwa na ubalozi wa Mashariki. Upande wa pili ulikuwa ukipokea misaada ya Magharibi, yakiwamo mafunzo ya marubani wa jeshi. Karume hakukubali kuwatimua marafiki zake. Mwalimu Nyerere, Rais wa Muungano, akatafuta njia ya kati: ubalozi ulioko Zanzibar uondoke, na Wajerumani Mashariki wapewe ofisi ya konseli mkuu Dar es Salaam, bila kutambuliwa rasmi. Bonn haikuridhika. Februari 1965 ikawaondoa wakufunzi wake wa kijeshi. Nyerere akaijibu kwamba, kama msaada ni kamba ya kumfungia mtu, basi ichukue na misaada yake mingine ya kiserikali. Mafunzo ya marubani yakaja kufanywa na Wakanada.

Wanazuoni wamelichimba sana suala hili. Amrit Wilson, katika kitabu chake cha 1989, alizipitia nyaraka za serikali ya Marekani na kuonyesha hofu iliyokuwapo Washington kwamba Zanzibar ingegeuka Kuba ya Afrika. Mwaka 2008 Issa Shivji aliuliza kama Muungano ulizaliwa na ndoto ya umoja wa Afrika au na hesabu za kisiasa za siku zile. Kazi hizo zina uzito, lakini msomaji awe macho na asili ya nyaraka. Faili la ubalozi huandikwa na mwenye hofu, naye huiona hofu yake kila mahali. Anayelisoma peke yake atadhani kila jambo liliamuliwa ughaibuni, ilhali Karume alikataa alipoambiwa aachane na Berlin, na Nyerere alikataa alipobanwa kwa misaada. Wawili hao hawakukubaliana, lakini kila mmoja alikuwa na hesabu yake.

Hesabu hizo zilikuwa na gharama, na si zote zilizolipwa na viongozi. Pamoja na mafundi wa ujenzi walikuja wataalamu wa usalama wa taifa wa Ujerumani Mashariki, wakasaidia kuunda idara ya usalama ya Zanzibar. Serikali ikapata macho na masikio. Raia wengi wakajifunza kupunguza sauti barazani. Hapo ndipo neno "usalama" linapohitaji kuulizwa: usalama wa nani?

Ujerumani Mashariki ilitoweka 3 Oktoba 1990. Maghorofa ya Kikwajuni hayakwenda nayo. Mafaili ya Bonn na Berlin yamekwisha kufunguliwa katika hifadhi za nyaraka za Ulaya. Ya Kikwajuni bado yako vichwani mwa wazee waliohamia humo wakiwa vijana. Mwanahistoria atakayepanda ngazi zile na daftari lake asikawie.