Nyumba Isiyo na Kuta: Majonzi ya Wanawake na Riwaya ya Nyakati Mbili katika West Nile

Riwaya ya kihistoria inayosimuliwa katika nyakati mbili imejipatia makao Afrika Mashariki, na mara nyingi makao hayo ni nyumba kongwe. Katika Desertion ya Abdulrazak Gurnah (2005), mapenzi ya Rehana na Mwingereza aliyezuka katika mji mdogo wa pwani mwaka 1899 yanaiandama familia yake hadi Zanzibar ya miaka ya 1950, ambako mjukuu wake Jamila hawezi kuolewa na ampendaye kwa sababu ya kisa hicho. Katika Dust ya Yvonne Adhiambo Owuor (2014), Ajany anaisindikiza maiti ya kaka yake, aliyeuawa Nairobi katika machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, hadi Wuoth Ogik, nyumba ya mawe iliyojengwa na Mwingereza katika ukame wa kaskazini mwa Kenya, na huko siri ya enzi ya ukoloni inamsubiri. Katika kazi zote mbili anayebeba msiba ni mwanamke. Kumbukumbu za Dust, zaidi ya hayo, zimehifadhiwa na kuta: mhusika anaingia chumba alichowahi kulala mtu mwingine, na zamani inaanza kusema.

Mwandishi atakayetaka kuipeleka riwaya ya namna hiyo Manibe, upande wa barabara itokayo Arua kwenda Koboko, atakosa kwanza ukuta. Nyumba ya Walugbara ilijengwa kwa udongo na kuezekwa nyasi, nayo ilitarajiwa kuchakaa na kujengwa upya mara kadhaa katika maisha ya mwenyewe. John Middleton, aliyefanya utafiti kwa Walugbara kuanzia mwaka 1949 na kuchapisha Lugbara Religion mwaka 1960, alionyesha kuwa ukoo ulijitambua kwa wafu wake na vihekalu vyao bomani. Jengo halikupewa kazi hiyo. Kilichodumu ni mahali penyewe: kaburi, mti, jiwe la kusagia nafaka, mafiga yaliyozama ardhini.

Kisha moto ukapita. Idi Amin alipoangushwa Aprili 1979, watu wa West Nile walihesabiwa kwa jumla kuwa watu wake, ingawa wengi hawakuonja chochote cha utawala wake. Oktoba 1980 wanajeshi wa jeshi lililoshindwa walivuka mpaka na kushambulia. Jeshi jipya la serikali likalipiza kisasi kwa raia, vijiji vikachomwa, na sehemu kubwa ya wakazi wakakimbilia Zaire na Sudan. Tarehe 24 Juni 1981 askari waliwaua raia waliokuwa wamejihifadhi katika misheni ya Kikatoliki ya Ombaci, karibu na mji wa Arua. Waliokufa uhamishoni walizikwa katika ardhi za watu wengine. Wengine walirejea kutoka Zaire mapema, na kundi kubwa likatoka Sudan mwaka 1986, kambi zilipoingiwa na vita vya huko.

Waliorudi walikuta vichaka. Hapo ndipo kumbukumbu ya mwanamke ilipopata uzito ambao kumbukumbu rasmi haikuwahi kuupa. Mwanamume hutaja boma kwa nasaba: fulani mwana wa fulani. Mwanamke aliyeolewa humo hulitaja kwa kazi: hapa palikuwa na jiko, hapa ghala la mtama, hapa alizikwa mtoto ambaye hakuwahi kuingia katika nasaba yoyote. Nasaba haioneshi mpaka wa kiwanja, lakini jiko linaweza kuuonesha. Hata hivyo, shahidi huyu ana udhaifu wa kijamii: kwa ukoo wa mume yeye ni mgeni aliyekuja kwa mahari, na kwa ukoo wa baba yake ni binti aliyekwisha kuondoka. Mume akifa uhamishoni, ushahidi wake hupingwa na haohao wanaouhitaji.

Mtafiti atavutiwa na kaburi la saruji kwa kuwa linaonekana na mara nyingi lina tarehe. Linastahili tahadhari. Katika sehemu nyingi za kaskazini mwa Uganda kaburi lililojengewa limekuwa hoja katika mashauri ya ardhi, na familia hujengea inapopata fedha, pengine miaka mingi baada ya kifo. Tarehe iliyochorwa ni ya msiba. Saruji ni ya mwaka ambao mtoto alipata kazi au shamba jirani lilipogombaniwa. Kaburi moja basi lina nyakati mbili, na asiyezitenganisha ataandika historia mbovu au hukumu mbovu. Kaburi la mwanamke maskini, kichuguu kilichosawazishwa na mvua, halina tarehe hata moja.

Mark Leopold, katika Inside West Nile (2005), aliipanga historia ya eneo hili kinyumenyume, akianza na siku za karibu na kurudi nyuma hadi karne ya 19. Mpangilio huo unafanana na hatua za mjane anayerejea: huanza na kichaka kilicho mbele yake. Ni ajabu kidogo kwamba mwanaanthropolojia alifika kwenye mbinu hiyo kabla mwanariwaya wa West Nile hajasomwa na wengi.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili kuna ugumu mwingine, nao hausemwi mara nyingi katika mikutano kama huu. Kiswahili kiliingia West Nile kwa sehemu kubwa kupitia kambi za jeshi, na kwa wanawake wengi wa Uganda kilikuwa lugha ya amri kwenye vizuizi vya barabarani. Ni kweli pia kwamba kilikuwa lugha ya soko na ya kuvukia mpaka. Tangu Baraza la Mawaziri la Uganda lilipokiidhinisha kuwa lugha rasmi mwaka 2022, swali la nani atalia kwa lugha hii limekuwa la kisera. Maombolezo ya Kilugbara yaliyofupishwa kwa Kiswahili safi cha ripoti yatakuwa yamepoteza kile hasa kilichokusudiwa kuhifadhiwa.

Jambo hili lina haraka yake. Julai 2020 Arua ilipandishwa hadhi kuwa jiji, na ardhi ya Ayivu, Manibe ikiwamo, ikaingia katika hesabu za viwanja. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inatambua umiliki wa kimila na kuruhusu hati zake. Marekebisho ya mwaka 2004 yaliwapa wanandoa usalama wa kukaa katika ardhi ya familia, lakini kifungu kinamtaja mwenzi, na mjane hakutajwa. Kamati ya ardhi inapozunguka boma kabla ya hati kutolewa, inazungushwa na wanaume wa ukoo. Ingepasa mzunguko wa pili ufanywe na wanawake waliowahi kupika humo, waliobaki na walioolewa kwingine, maneno yao yaandikwe kwa lugha waliyoyasema, na makaburi yasiyo na saruji yatiwe kwenye ramani. Wengi waliokuwa watu wazima mwaka 1980 sasa wamepita miaka 60.