Udhia wa Kelele

Msafiri alalaye Ikwiriri wilayani Rufiji, katika nyumba iliyo kando ya barabara iendayo Kilwa, Lindi na Mtwara, hutambua kabla ya alfajiri kwamba sauti za barabara si za namna moja: lori lipitalo juu ya matuta huku tela lake tupu likigongagonga, basi lipigalo honi kuwaita abiria, na pikipiki iliyotobolewa ekzosi, ambayo mlio wake hukatiza usingizi na kuacha moyo ukidunda hata baada ya chombo chenyewe kutokomea.

Wataalamu wa sauti hutenga hapa mambo mawili. La kwanza ni ukubwa wa sauti, upimwao kwa desibeli. La pili ni ile taabu ya nafsi, ambayo hapana chombo kiwezacho kuipima ila kinywa cha mwenye kuipata. Kwa sababu hiyo kanuni ya kimataifa ya ISO 15666, iliyotolewa kwanza mwaka 2003, yaagiza mtu aulizwe ni kwa kadiri gani kelele za chanzo fulani zimemtaabisha nyumbani kwake katika miezi 12 iliyopita, naye ajibu kwa maneno ya daraja tano au kwa tarakimu toka 0 hadi 10.

Taabu hiyo tuiiteje? *Usumbufu* hutaja kukatizwa kwa shughuli, nao huisha shughuli irejeapo; *bughudha* humtaka mtu mwenye kusudi la kuchokoza; *kero* imekwisha kuzoewa katika mikutano ya hadhara kwa maana ya malalamiko ya maji na barabara; na *karaha* huelekea kwenye kinyaa. Lililobaki, nami naliona kuwa ndilo hasa, ni *udhia*, kwani humtaja aliyeudhika pasipo kumhukumu aliyeudhi. Basi tuseme *udhia wa kelele*.

Na udhia huo haufuati desibeli peke yake. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018 kwa nchi za Ulaya, lilipendekeza wastani wa mchana, jioni na usiku usizidi desibeli 53 kwa barabara, 54 kwa reli, na 45 tu kwa ndege; huenda kwa kuwa garimoshi hupita likaacha kimya nyuma yake, ilhali ndege hunguruma juu ya paa, wala nyumba haina upande wa kukimbilia.

Maana ya sauti nayo ina taathira yake. Wale waliongoja kivuko cha mto Rufiji kabla ya Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970, kufunguliwa mwaka 2003, waliusikia mngurumo wa malori ya kwanza kama habari njema. Na hata leo honi ya basi kwa mama lishe ni riziki, ilhali kwa mgonjwa alalaye nyuma ya kibanda cha mama huyo ni adhabu.

Kwa hiyo tarakimu za Ulaya, zilizotoka katika nyumba za madirisha ya vioo yanayofungwa, tusizichukue zilivyo na kuzitwika Rufiji, ambako joto huwalazimu watu kulala madirisha wazi, wavu wa mbu ukiwa ndio kizuizi pekee. Hapana budi mgonjwa yule na mama lishe yule waulizwe, kila mmoja nyumbani kwake, na kwa neno walielewalo: je, kelele hizi zinakuudhi, na kwa kadiri gani?